Kubadili taiming belti ya Carina TI mwenyewe nyumbani, inawezekana au najitafutia balaa?

Mdau wa Kihonda

Wakuu habari za jioni. Nina Carina TI, AT212, injini 5A, oto. Nimenunua mwaka jana kwa mtu hapa hapa Moro na huyo mtu aliniambia tu "taiming ilishabadilishwa", lini hakumbuki, kwa kilomita ngapi hakumbuki, risiti hana. Dashi inasoma 168 elfu ila dashi za gari za mkononi sote tunazijua.

Juzi nikalegeza kava la juu la plastiki nikamulika na tochi ya simu. Mgongo wa mkanda una mipasuko kama kisigino cha mtu wa kiangazi, pembeni unatoa nyuzi, na kuna unyevu wa oil. Hapo usingizi ukakata.

Fundi wa karibu anataka laki moja ya kazi tu, spea juu yangu, na nimwachie gari siku mbili. Hiyo ya kumwachia gari ndo siitaki kabisa, mara ya mwisho nilimwachia fundi mmoja (sio huyu) gari ya breki nikakuta kilomita 60 zimeongezeka na kiti cha nyuma kina magamba ya karanga. Kwahiyo nawaza nifanye mwenyewe, breki na plagi huwa nafanya, tulizi ninazo za kawaida. Swali ni je mtu asiye fundi anaweza, nikikosea injini inakufa au vipi, na ni vitu gani vingine nibadilishe nikiwa nimeshafungua maana sitaki kurudi tena humo ndani kesho kutwa.

Kijiko

Mkuu toa hiyo laki ulale. Taiming sio plagi, ukikosea jino moja tu vali zinakutana na pistoni na hapo unaanza kutafuta injini ya Dubai. Kuna mshkaji wangu ilimkuta na Hilux, mkanda umekata yuko Mikese, hedi lote likafumuliwa.

Babu Spana

Kijiko mwanangu Hilux ya mshkaji wako ilikuwa dizeli, ungesema hivyo kabla ya kumtisha mtu.

Mdau sikiliza. Mkanda huu ndo unafanya vali zifunguke kwa zamu sawa na pistoni. Injini za Toyota haziko sawa kwenye hili jambo. Hiyo 5A yako, na 7A, na 4A ya kawaida (sio ile ya GE), mkanda ukikata gari linazima tu, vali na pistoni hazifikiani, unaweka mkanda mpya unapanga alama unaondoka. 3S ya Noah za zamani na RAV4 za mwanzo nayo ni hivyo hivyo. Sasa mtu akisikia hivi anaenda kutangaza mtaani kwamba Toyota haigongi vali, hapana. 2L, 3L, 5L za Hilux na Hiace, 1KZ ya Surf na Prado, 1HZ ya Land Cruiser mkonga, hizo zinagonga tena vibaya. Dizeli inaminya hewa zaidi ya mara 20 wakati petroli yako ni kama mara 10, kwahiyo kwenye dizeli pistoni ikifika juu nafasi iliyobaki ni nyembamba sana, vali ikikutwa imefunguka haina pa kukimbilia. Na petroli pia zipo zinazogonga, 1G ya BEAMS ile ya Mark II GX110 na Altezza usiiguse kwa kubahatisha.

Kwahiyo wewe umebahatika, ni injini nzuri ya kujifunzia. Ukikosea itatetemeka au haitawaka, utafungua tena, utapoteza Jumamosi yako lakini injini utabaki nayo.

Vya kununua: mkanda wenyewe, puli ya tensheni (inayoubana mkanda) na springi yake, oil sili ya krenki mbele (krenki ni shafti inayozungushwa na pistoni), oil sili ya kemu (shafti inayofungua vali), gasketi ya tapeti kava (kava la juu ya vali). Umesema kuna unyevu wa oil, hiyo ni sili mojawapo au gasketi ya juu, na mkanda ukilowa oil haudumu hata uwe umetoka Japani jana. Usiweke mkanda mpya juu ya sili inayovuja. Wota pampu kwenye 5A haizungushwi na taiming, inazungushwa na feni belti, kwahiyo kama haivuji na haina mchezo iache. Ila chomeka kidole kwenye puli yake uitikise, maana kava ukiwa umeshazitoa ndo muda wake.

Spea agiza Kariakoo, Gerezani, mpe mtu unayemwamini apeleke mkanda wa zamani dukani, au ampe muuza duka namba ya chasisi. Wahesabu meno wauweke mkanda juu ya mkanda. Maboksi ya kuchapisha yapo mengi kuliko mikanda halali, mimi huwa sisomi boksi, naangalia maandishi ya mgongoni mwa mkanda na naukunja kidogo kwenye kiganja nione mpira unavyorudi. Kidogo! Usiupinde kama karatasi, nyuzi za ndani zinakatika na huzioni.

neyma_m

Samahani naingilia, mimi nina IST inaenda kilomita laki na nusu, nayo nibadilishe lini?

Babu Spana

Binti yangu IST ni cheni, haina mkanda wa taiming. Badilisha oil kwa wakati tu. Premio (sio ile ya zamani ya Corona Premio) na Allion nazo cheni, fundi akikwambia anabadilisha "taiming belti" ya IST muulize hiyo belti kaitoa kwenye gari gani.

Msee wa Roysambu

Niaje wasee wa Bongo. Niko Nairobi na mimi ni mtu wa Subaru, kwahiyo hii stori naijua kwa uchungu. EJ20 ikikata mkanda hakuna msamaha kama hizo 5A zenu, vali zinapinda, na mkanda ni mrefu unazunguka injini nzima na wota pampu ikiwa ndani.

Mimi nilibadilisha mkanda peke yake, makanika akaniambia zile puli za aidla (zinazoongoza tu mkanda) "bado ziko poa boss", nikaokoa pesa kidogo. Miezi saba baadaye niko Thika Road nasikia kelele kama kriketi mbele ya injini, nikaongeza sauti ya redio, bado kidogo nifike Roysambu injini ikazima. Beringi ya aidla moja ilikuwa imekwama, mkanda mpya kabisa ukachanika juu yake. Brekidauni, hedi mbili, vali, na siku hizo zote napanda matatu. Saa hii nikienda Kirinyaga Road naitisha kit nzima, mkanda na puli zote pamoja, sitaki kusikia "bado iko poa".

Kwahiyo kaka hiyo puli ya tensheni usiiruke. Izungushe na mkono karibu na sikio, ikitoa sauti kavu kama mchanga hiyo imeenda.

Babu Spana

Amesema kweli huyo wa Nairobi. Mkanda hufa mara nyingi kwa kosa la jirani yake.

Sasa kazi yenyewe Mdau, ntaandika kwa kirefu usome mara mbili kabla hujashika spana. Paki sehemu ngumu, sio mchangani, hendibreki, kabari tairi za nyuma. Toa terminali hasi ya betri. Nyanyua mbele kulia, weka stendi, jeki sio stendi hata siku moja. Toa tairi la kulia na ile plastiki ya ndani ya fenda, hapo utaiona puli ya krenki inakuangalia. Toa feni belti zote, ya oltaneta, ya AC, ya pawa stiringi. Toa tapeti kava. Toa plagi zote nne ili injini izunguke laini kwa mkono, na uzibe matundu kwa kitambaa safi, kuna mtu niliwahi kumsaidia kutoa nati ya 10 ndani ya silinda kwa sumaku ya spika na uzi wa nguo, tulimaliza saa nne usiku.

Halafu weka jeki ya pili chini ya sampu (bakuli la oil) na kipande cha ubao katikati, ibebe injini kidogo tu isining'inie, ndo utoe maunti ya kulia (kishikio cha injini). Bila kutoa hiyo maunti mkono hautapita.

Kisha zungusha krenki kwa soketi ya 19, mwendo wa saa ukiwa umesimama upande wa puli, hadi ule mfereji kwenye puli uelekee 0 kwenye kava la chini. Angalia juu kwenye puli ya kemu, kuna tundu dogo, linatakiwa liwe sambamba na alama kwenye kepu ya beringi iliyo nyuma yake. Usipoliona tundu usianze kulazimisha, krenki inazunguka mara mbili kemu inazunguka mara moja, zungusha krenki raundi moja nzima tena utalikuta. Hapo ndo unaachia kila kitu kama kilivyo. Ndo boliti ya puli, ndo kava za chini, ndo unalegeza boliti ya tensheni unaisukuma pembeni unaibana kwa muda, mkanda unatoka kwa vidole.

Na tafadhali kava zote zirudi. Gari nyingi za mtaani ukifungua unakuta kava la chini halipo, fundi alilivunja akalitupa, sasa kokoto na tope vinaingia moja kwa moja kwenye meno.

Mdau wa Kihonda

Shikamoo mzee Babu, nashukuru sana, na wote. Spea zimefika kwa basi jana. Leo nimeanza saa moja asubuhi, hadi saa nne nilikuwa nimeshatoa kila kitu hadi maunti, alama zote mbili nimeziona. Kava la chini kama ulivyosema mzee, lipo ila limefungwa kwa waya wa kufungia nondo, boliti tatu hazipo.

Tatizo ni boliti ya puli ya krenki. Haisogei. Gari ni oto kwahiyo siwezi kuweka gia nikabana, nikivuta injini yote inazunguka, alama zimeondoka. Bomba nimeweka la mita moja, dogo langu amening'inia, wapi. Kijana wa jirani anasema niegeshe spana chini sakafuni nipige starter mara moja itaachia. Nifanye?

Kijiko

Hiyo ya starter inafanya kazi, nimeona kwa macho yangu mara kibao.

Babu Spana

Marahaba mwanangu. Inafanya kazi, na mimi nimeifanya ujanani, na nina kovu. Starter inazungusha krenki mwendo wa saa, spana ikizuiwa na sakafu boliti inalegea, hesabu ni hiyo. Lakini spana ikichomoka inatafuta mguu wa mtu au rejeta. Na kuna Honda za zamani zinazunguka kinyume, huko ukipiga starter unaikaza zaidi, kwahiyo sio ujanja wa kumfundisha mtu ovyo.

Fanya hivi. Angalia uso wa puli, kuna matundu mawili yenye nyuzi, kila upande wa boliti kubwa moja. Hayo yamewekwa kwa kazi hiyo. Chukua boliti mbili za milimita 8, nenda kwa fundi wa kuchomelea akupe kipande cha chuma bapa cha kutengenezea mageti, urefu kama mita, atoboe matundu mawili yanayolingana na hayo, na katikati tundu kubwa soketi ipite. Unafunga kile chuma kwenye puli, mkia wake unaegemea chini au kwenye ami ya tairi, puli haizunguki tena. Sasa vuta spana yako kinyume cha saa. Ikilia "tak" usishtuke.

Wakati wa kurudisha unatumia chuma hicho hicho. Kitabu kinataja 118 Nm. Kama huna spana ya kupimia, bomba la nusu mita, na uzito kama umening'iniza mfuko wa sembe wa kilo 25 mwishoni. Sio dogo kuning'inia.

Mdau wa Kihonda

IMETOKA. Mchomeleaji kachukua elfu nne, akaniuliza ni geti la nini. Imelia kama risasi, mke wangu ametoka ndani mbio.

Mkanda wa zamani wakuu, nimeushika mkononi, ukiukunja mipasuko inafunguka unaona nyuzi ndani, na meno matatu yamelika nusu. Sili ya kemu ndo ilikuwa inavuja, nimeitoa kwa bisibisi nyembamba taratibu nisikwaruze shafti, mpya nimeipaka oil nikaiingiza kwa kuigonga na bomba la PVC linalolingana.

Mdau wa Kihonda

Wakuu nimerudi. Nimefunga kila kitu, imewaka kwa starter ya kwanza nikashangilia, ila sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka sana na nikikanyaga mafuta inachelewa kuitika, kama imechoka. Ikifika RPM za juu inakuwa nzuri kiasi. Nilitoa betri kwahiyo nasikia kompyuta inajifunza upya, ni hiyo?

Kijiko

Ndiyo mkuu, kompyuta inajifunza, tembea kama kilomita 20 itakaa sawa.

Babu Spana

Hapana. Kompyuta ikijifunza sailensa inapanda na kushuka dakika chache, haifanyi gari liwe zito. Mdau zima, usilitembeze. Hiyo ni jino moja, mkanda umekaa jino moja nje ya alama. Naomba unijibu vitu viwili: ulipanga kwa alama za injini au ulijipakia alama zako mwenyewe, kama za tipeksi? Na ulipomaliza kufunga mkanda ulizungusha krenki raundi mbili kwa mkono?

Mdau wa Kihonda

Mzee nilipaka tipeksi kwenye mkanda wa zamani na kwenye puli zote, nikahamishia kwenye mkanda mpya kwa kuhesabu meno, niliona YouTube. Raundi mbili sikuzungusha, nilizungusha kama nusu nikaona iko sawa nikafunga, kiza kilikuwa kinaingia.

Babu Spana

Basi ndo hapo. Tipeksi inakusaidia kukumbuka, haikuhakikishii. Wewe alama ulipaka baada ya injini kuhangaika na ile boliti na dogo kuning'inia, nani anajua krenki ilikuwa imesimama wapi.

Kosa la pili ambalo kila mtu hulifanya mara ya kwanza: mkanda unaingizwa ukiwa umenyooka wima upande usio na tensheni. Ulegevu wote unatakiwa ubaki upande wa tensheni. Ukiacha ulegevu kidogo upande mwingine, ukishaachia springi ya tensheni inavuta, puli ya kemu inajigeuza jino moja, na alama uliyoiona iko sawa haiko sawa tena. Ndo maana ya raundi mbili. Springi ikiwa imeachiwa na boliti ya tensheni imelegezwa, unazungusha krenki mwendo wa saa raundi mbili pole pole, usirudi nyuma hata kidogo, unasimama kwenye 0, unaangalia tundu la kemu. Likiwa sawa ndo unakaza tensheni. Lisipokuwa sawa toa mkanda rudia, hakuna ujanja.

Fungua kesho mchana, usiku usifanye.

Msee wa Roysambu

Na plagi ukirudisha kaza na vidole kwanza kaka, umezitoa mara mbili sasa, nyuzi za hedi ni alumini.

Mdau wa Kihonda

Mrejesho wakuu. Nimefungua leo saa tatu, safari hii ndani ya saa moja na nusu nimeshafika kwenye mkanda (na boliti ya puli imetoka kwa adabu). Nikaweka 0 chini, nikaangalia juu, tundu la kemu limepitiliza alama, jino moja kamili kama mzee alivyosema. Nimeutoa, nimevuta upande ule ukawa umenyooka kama uzi wa fundi uashi, nikaachia springi, raundi mbili, 0 na tundu vimekaa. Nikazungusha mbili nyingine kwa wasiwasi wangu tu, vimekaa tena.

Nimewasha. Sailensa imetulia hadi nimeweka kikombe cha chai juu ya tapeti kava, chai inatikisika katikati tu. Nimeenda hadi Msamvu na kurudi, imekuwa nyepesi. Boliti tatu za kava la chini nimenunua, waya wa nondo nimetupa. Mkanda wa zamani nimeuning'iniza ukutani, na nimebandika karatasi yangu kwenye boneti nimeandika tarehe na kilomita 168,412 kwa maka pen.

Jirani mwenye Corolla 110 ameshaona kile chuma bapa, anasema na yeye ana 5A hiyo hiyo, anataka kukiazima Jumamosi.

Babu Spana

Mpe, matundu yatakubali. Ila zile boliti mbili za 8 mhesabie mkononi, chuma kitarudi, boliti huwa hazirudi.